Yuda wa Barua

Kosa langu la kwanza katika kusoma Biblia lilikuwa kuanza na vitabu vifupi.

Sikuanza navyo kwa uvivu, ingawa kuna watu wa ploti yetu wanaosema hivyo hadi leo. Nilianza navyo kwa sababu mimi situlii nikiacha kitu katikati. Nikifunga mlango, narudi kuusukuma kuhakikisha umefungwa, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba kule kuusukuma hakukuufungua. Kazini kwangu, kwenye soko la Kariokor, ninakoshona mishipi ya ngozi, nilijulikana kwa kufumua. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video kwenye simu, na mtu aliyejifunza mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia basi, imetosha. Nilikuwa nashona, naona uzi mmoja umelala upande, nafumua. Nashona tena, nafumua tena, mpaka ngozi inabaki na vitundu kama kichujio cha chai. Mama wa kibanda cha pili, anayeuza viatu vya akala, alikuwa akininyooshea shingo na kuniuliza, "Kijana, wewe unauza mishipi ama unauza matundu?"

Sasa mtu kama huyo ukimpa Biblia nzima, umemtesa. Nyumbani hatukuwa watu wa kanisa. Jumapili mama alikuwa sokoni, na sisi tulikuwa chini ya meza yake. Shuleni nilisoma somo la dini kama kila mtu, lakini nililisomea mtihani, na mtihani ulipoisha majibu yaliondoka nao. Nilibaki na majina tu: Nuhu na safina, Yona na samaki, Yuda na vile vipande thelathini vya fedha. Nilipokuwa mtu mzima nikaamua kuisoma Biblia mwenyewe, nilifungua Mwanzo, nikaona ina sura hamsini, nikaanza kutokwa na jasho. Ndipo nikagundua kwamba kule nyuma kuna vitabu vya sura moja. Filemoni, sura moja. Yohana wa Pili, sura moja. Kitabu cha sura moja unakimaliza kabla chai haijapoa, na ukikimaliza umemaliza kitabu kizima cha Biblia, hakuna wa kukunyang'anya.

Nikajipangia: kutoka kifupi hadi kirefu. Katika Injili nilichagua Marko, kwa sababu ana sura kumi na sita. Mathayo, na sura zake ishirini na nane, nilimsukuma mbali kabisa, karibu na akina Isaya. Mathayo angesubiri. Ndiye aliyenimaliza baadaye, lakini wakati huo nilimwona kama mgeni asiye na haraka.

Basi katika hivyo vifupi nikafika Waraka wa Yuda, na nilipoona jina nilisimama wima. Yuda? Yule Yuda? Aliandika barua? Na wakaiweka ndani?

Niliisoma nikiwa nimesimama vilevile. Kila mstari ulithibitisha. Anaanza kwa kujiita mtumwa wa Yesu Kristo. Hajiiti mtume, na ni kwa nini? Aibu, bila shaka. Halafu anasema yeye ni ndugu yake Yakobo, yaani anajificha nyuma ya ndugu yake, kama mimi nilivyokuwa nikijificha nyuma ya mama nikidaiwa dirisha la watu nililovunja. Anaonya juu ya watu walioingia kwa siri katikati ya waumini, wakakaa nao kwenye karamu. Nani angewajua watu hao vizuri kuliko yeye aliyekaa karamuni akichovya mkate? Anawaambia wasomaji wawahurumie wenye mashaka. Na anamalizia kwa kumsifu Mungu anayeweza kumlinda mtu asijikwae. Pale kwenye kujikwaa nililia kidogo. Hata ufupi wa barua niliuelewa. Mtu aliyefanya alichofanya Yuda angeanzaje kuandika sura ishirini?

Baada ya hapo nikasoma Marko, na Marko akanifunga kabisa. Marko anamwacha Yuda usiku ule wa busu na hamtaji tena. Hasemi alienda wapi. Lakini mimi nilijua alikoenda. Alienda kuandika barua.

Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa mtu wa kuhesabu makosa yangu, hata ya darasa la tatu, na sasa nilikuwa nimepata hadithi ambayo aliyekosea kuliko watu wote alirudi, akapewa karatasi na kalamu.

Na kwenye floo yetu tulikuwa na Yuda wetu.

Naishi mtaa wa Baba Dogo, kwenye ploti ya floo nyingi, chumba kimoja kimoja, na kodi ya chumba ina malipo ya stima ndani yake. Stima ikiwa ndani ya kodi, watu hupika kwa koili, ule waya uliozungushwa kama dawa ya mbu ya kufukizia, unaowaka mwekundu. Keateka, msimamizi wa ploti, alikuwa ameikataza, kwa sababu koili zikiwashwa zote jioni stima inaruka na jengo zima linabaki gizani likisonya. Kila chumba kilikuwa na koili na kila chumba kiliapa hakina.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mtu wa makamo kutoka magharibi, anafanya kazi kwenye kiwanda cha plastiki hapo chini, kile cha mabeseni. Anapenda kuongea. Siku moja keateka alimkuta kwenye ngazi, akamtania kidogo, akamsifu kidogo, akamuuliza ni nani wanaotumia koili. Jirani akamtajia mlango kwa mlango floo yote, akaruka wake. Asubuhi yake keateka alipita na gunia akiokota koili kama mtu anayevuna viazi. Alipopita mlango wa jirani bila kubisha, mke wa jirani alitoka mwenyewe, ameshika koili yao juu kama taa, akaitupa ndani ya gunia mbele ya watu wote.

"Na yetu hii hapa," akasema, kisha akamtazama mumewe. "Wewe nawe mfuate keateka wako, gunia bado lina nafasi."

Kuanzia siku hiyo akawa Yuda. Watoto walimwita hivyo kwenye ngazi, wakubwa walimwita hivyo nyuma ya mlango. Ukimsalimia ulionekana umehama upande. Yeye aliyekuwa akiongea na kila mtu alianza kutoka alfajiri na kurudi kimya, na Jumapili, siku ambayo alikuwa akikaa varandani na redio yake, alijifungia ndani. Mke wake alimwambia Shosho, nyanya wa floo yetu, kwamba anaulizia vyumba mtaa wa Dandora. Alitaka kuhama, na si kwa sababu ya chumba. Mimi nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta akikohoa peke yake, na nilijua kukohoa huko. Ni kwa mtu anayejaribu kuona kama bado ana sauti.

Shosho ndiye aliyeumia zaidi kwa mambo ya koili. Ni mama mzee kutoka upande wa Murang'a, anachemsha maharagwe na githeri na kuwauzia watu wa kiwandani, na siku ya gunia alikuwa na sufuria nzima ya maharagwe jikoni, nusu mabichi, nusu yameiva. Yalichacha. Shosho ndiye pia mwenye ushirika wetu. Jumapili alasiri tunajazana chumbani kwake, wengine kitandani, wengine kwenye mitungi iliyogeuzwa, mlango ukiwa wazi ili tupumue. Neno linaletwa kwa zamu. Ilipofika zamu yangu, nilijua nitaleta nini.

Nilijiandaa kama mtu anayeenda kuoa. Niliandika, nikafuta, nikaandika upya, nikakariri hadi mahali pa kuvuta pumzi. Shati nililipiga pasi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kola ilikuwa na mstari.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Asifiwe sana."

"Leo nataka tuongee juu ya Yuda."

Watu wote waligeuka kutazama ukuta wa jirani.

"Uuui," alinong'ona dada anayesuka nywele, yule wa mlango wa mwisho. "Na nimemwona akitoka na mtungi. Atarudi sasa hivi."

"Yule wa Biblia," nikasema haraka.

"Si ni walewale!"

Kicheko. Nilingoja kiishe, kwa sababu kicheko hakikuwa kwenye mpango wangu. Kisha nikaanza. Niliwapa busu la bustanini, niliwapa fedha, niliwapa mitume wakikimbia. Halafu nikashusha sauti, kama nilivyokuwa nimekariri, nikasema: "Lakini hadithi ya Yuda haikuishia hapo. Yuda alirudi. Akaandika barua."

Dada wa kusuka aliinua mkono. "Samahani kidogo. Si Yuda ali—"

"Hebu nishikie huyu mtoto," Shosho akamwambia, akimtupia mjukuu wake mapajani.

"Lakini Shosho, Yuda si ndiye—"

"Mtoto analia."

"Halii!"

"Atalia. Mbebe."

Nilidhani hiyo ni nidhamu ya ibada. Nilimshukuru Shosho moyoni kwa kunilinda na usumbufu. Niliwasomea mwanzo wa barua na mwisho wake, nikawaonyesha ushahidi wangu mmoja mmoja, aibu, ndugu Yakobo, karamu, kujikwaa. Shosho alikuwa amefunika mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika, na mimi nikasema ndani yangu, ameguswa.

Nikamaliza kwa kuuliza, "Kama Yuda alirudi, nani hapa hawezi kurudi?" Na hapo ndipo nilipomwona jirani. Alikuwa varandani, nje kidogo ya mlango, ametua mtungi wake wa maji chini. Alikuwa amesimama pale muda gani sikujua. Aliuinua mtungi, akaingia kwake.

Jumapili iliyofuata alikuja. Hakuingia hasa, aligeuza mtungi wake mlangoni akaukalia, nusu ndani, nusu nje. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsalimia pia, isipokuwa mimi, na nilimsalimia kwa sauti ya kutosha watu wawili. Wiki iliyofuata akaja tena, na mtungi ukasogea ndani. Mke wake aliniambia kwenye ngazi kwamba habari za Dandora zimenyamaza kidogo.

Na akaanza kuniuliza maswali. Kila tukikutana kwenye bomba la maji ana swali.

"Kijana, hiyo barua Yuda aliiandikia wapi?"

Sasa mimi ugonjwa wangu mmoja ni kwamba siwezi kuacha swali likiwa tupu. "Nadhani Galilaya," nikasema. "Kwa mama yake."

"Mama yake alimpokea?"

"Mama ni mama, mzee."

"Kweli." Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Na zile fedha?"

"Alirudisha."

"Zote?"

"Zote."

Nilirudi kwangu nimejaa fahari. Nilikuwa nimemwokoa mtu. Mimi, wa vitundu.

Yaliyonipata baadaye yalinipata mchana, kibandani, nikiwa nimeweka chapati na ndengu juu ya mapaja. Nilikuwa nimefika Injili ya Yohana. Wako mezani, Yesu anaongea na wanafunzi usiku wa mwisho, na mmoja wao anauliza swali. Yohana anasema aliyeuliza ni Yuda, kisha anaongeza kwa haraka, kama mtu anayemshika mgeni mkono asiingie mlango usio wake, kwamba si yule Iskariote.

Niliacha kutafuna. Si yule? Kwani wako wangapi?

Nikamrukia Mathayo. Sura zote nilizokuwa nimeziogopa nilizipita kama mtu anayekimbizwa na mbwa, hadi ya ishirini na saba. Mnajua kilichoandikwa pale. Ninyi nyote mnajua. Mimi nilikuwa nakisoma kwa mara ya kwanza. Yuda alijuta. Alirudisha fedha kwa makuhani, hapo nilikuwa nimebahatisha. Aliwaambia amekosa. Nao wakamwambia hayo ni yake, ajionee mwenyewe. Akatoka, akaenda, akajinyonga.

"Umepigwa na nini?" mama wa akala akaniuliza.

"Yuda amekufa," nikasema.

Aliweka chini akala aliyoshika. "Pole," akasema. "Alikuwa mgonjwa?"

Mchana huo sikushona kitu. Nilikaa na sindano mkononi nikijaribu kufumua, na maneno hayafumuki. Baadaye nilijifunza kwamba kwa Kiingereza majina ya hao wawili yameandikwa tofauti kidogo, ili watu kama mimi wasiaibike. Kwa Kiswahili ni Yuda na Yuda, shauri yako. Ubaya ni kwamba Marko mwenyewe anawataja ndugu zake Yesu kwa majina, na mmoja ni Yuda, na nilikuwa nimempita mbio nikikimbilia kumaliza sura.

Lakini kilichonitisha hakikuwa aibu, na nikisema hivyo mjue ilikuwa kubwa, maana mimi na aibu tunaishi chumba kimoja. Kilichonitisha kilikuwa lile jibu la makuhani. Hayo ni yako. Mtu amekuja na kosa lake mkononi, amelileta mlangoni kabisa, na watu wa dini wanamwambia arudi nalo nyumbani. Petro naye alimkana Bwana wake usiku uleule, akalia, lakini alibaki karibu na wenzake, na ndiyo maana palipokuwa na samaki juu ya makaa kando ya ziwa, yeye alikuwepo kula. Yuda hakuwa na mtu wa kumwambia kaa. Nami nilifikiria floo yetu, na kile kikohozi ukutani. Nilikuwa nimemjengea yule mtu daraja la karatasi, na yeye alikuwa katikati yake na mtungi wa maji.

Niliomba ushauri kwa Mungu, kisha nikampa Mungu mapendekezo. La kwanza lilikuwa nihame mimi. La pili, jirani asipate kusoma Mathayo maisha yake yote. La tatu, ninyamaze tu, kwa upendo. Hilo la tatu nililipenda sana. Jumapili hiyo nilienda kwenye ushirika nikiwa nimeamua kunyamaza kwa upendo.

Kabla ya maombi ya kufunga, jirani akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu pale ndani.

"Shosho, wiki ijayo naomba zamu ya neno."

Shosho akamtazama juu hadi chini. "Utasema juu ya nini?"

"Juu ya Yuda." Akaniashiria kwa kidevu. "Ile ya kijana."

Nikaona litakalotokea. Angesimama mbele ya watu aliowachongea, na hadithi yangu ya uongo mkononi, na mtu mmoja angesema yale ambayo dada wa kusuka alitaka kusema, na chumba kingecheka. Kisha angetoka, akafunga mlango, na safari hii Dandora ingekuwa kweli.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilisimama kabla yake. Sikuandika chochote. Shati halikupigwa pasi, si kwa unyenyekevu, stima ilikuwa imeruka.

"Mzee, kabla hujaanza," nikasema. "Niliwadanganya. Sikujua, lakini niliwadanganya." Sauti ilipanda ikawa ya mtoto, nikaiacha. "Yuda hakurudi. Yuda wa busu alijinyonga. Iko kwa Mathayo, sikuwa nimefika kwa Mathayo. Barua iliandikwa na Yuda mwingine. Hakuna Galilaya. Hakuna mama."

Hakuna aliyeshtuka, na kutoshtuka kwao kulinitia hofu zaidi. Jirani alikuwa amekaa amenitazama tu. Nikawaeleza la makuhani, jinsi mtu alivyoleta kosa lake na kurudishiwa. Nikawaeleza habari za huyo Yuda mwingine, ndugu yake Bwana mwenyewe, kwamba mwanzoni ndugu wa Yesu hawakumwamini hata kidogo, na watu wa nyumbani walitaka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili. Baadaye Yuda huyo ndiye aliyekaa akaandika. Na hapo likanijia jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mnajua, wakati huo jina Yuda lilikuwa limeshachafuka. Kila mtu alijua la bustanini. Angeweza kujiita kitu kingine. Lakini barua inaanza na jina lenyewe. Neno la kwanza ni Yuda."

Sikuwa na mwisho. Nikakaa chini, na kwa mara ya kwanza maishani niliacha kitu katikati mbele ya watu.

Jirani akasimama. Alikunja na kukunjua kofia yake ya kiwandani.

"Mimi ndiye niliyewataja kwa keateka," akasema. "Hakunilazimisha. Alinisifu tu kidogo, aliniita mtu wa maana. Nilianza na mlango wa Shosho. Nikataja wote, nikaruka wangu, nikamwambia mimi natumia mafuta ya taa. Nimekosa." Kisha akageuka kwa Shosho. "Sasa semeni. Haya ni yangu peke yangu?"

Shosho hakuharakisha. Alifunga leso vizuri kichwani.

"Hayo ni yetu," akasema. "Kaa chini."

Akakaa.

"Lakini maharagwe yangu yaliyochacha, hayo ni yako. Jumamosi utakuja kunichambulia gunia zima, na nikikuta jiwe moja tutaongea."

"Nitachambua, Shosho."

"Na mimi?" dada wa kusuka akadakia. "Koili yangu ilikuwa mpya!"

"Wewe ulimwambia keateka huna koili," Shosho akamjibu. "Kwa hiyo hukuibiwa kitu. Mtoto analia, mbebe."

Hapo ndipo chumba kilipopasuka. Walicheka hadi kitanda kikalia. Dada alipopata pumzi akamwuliza jirani, "Sasa tukuiteje? Maana sasa tunajua wako wawili."

Jirani akafikiri, akiwa amekaza uso. "Wa barua," akasema. "Yule mwingine mwacheni apumzike."

Wakati wa chai niliuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Niliuliza ni kwa nini hakuna aliyeshangaa. Wakatazamana. Shosho akaanza kutikisika mabega vilevile kama siku ile, na sasa nikaona kwamba hakuwa ameguswa hata kidogo.

"Kijana wangu," akasema akifuta machozi, "hata mbuzi wa Murang'a wanajua Yuda alijinyonga."

"Ninyi nyote mlijua?"

"Wote."

"Basi mbona ulimnyamazisha dada?"

"Nilikuwa naona mlangoni. Niliona mtungi umewekwa chini." Akanywa chai. "Mtu asiyetaka kusikia haweki mtungi chini."

Nikamgeukia jirani. "Na wewe, mzee? Maswali yote yale? Galilaya?"

"Nilitaka nione utafika wapi," akasema. "Nikaona umemfikisha kwa mamake, nikasema huyu tusimwachie njiani." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nilikuja kwa sababu yako, lakini si kwa hadithi. Nilisikia mtu anamtetea Yuda kwa ushahidi wa uongo, na shati limenyooka hivi. Nikasema, siku moja huyu atajua alichosema. Akitoroka, na mimi nitahama. Akisimama akasema, nitasema yangu."

"Na kama ningenyamaza?"

"Vyombo vilikuwa vimefungwa nusu," mke wake akajibu kwa niaba yake.

Shosho aliniongezea chai bila kuniuliza, akaniwekea sukari kuliko ninavyopenda, nikainywa.

Tangu wakati huo naisoma Biblia kwa mpangilio wake, na sasa niko Mambo ya Walawi, mahali ambapo siwezi kudanganya kwamba nina raha. Kazini bado nafumua, ila mara moja tu kwa kila mshipi. Uzi ukilala upande mara ya pili, nauacha, na mnunuzi akiuliza namwonyesha mwenyewe ulipo. Jirani bado yuko mlango wa pili, anaitwa Yuda wa Barua, na akiitwa anaitika. Zamu yangu ya neno ikifika, nauliza kwanza kama kuna anayeijua hadithi hiyo kuliko mimi. Huwa wapo.